Pete Mbili, Pete Tatu

Usiniambie zinafanana.
Zilete mezani, fungua dirisha la upande wa reli
(reli iling'olewa kitambo, upande umebaki na jina),
mwanga wa saa tatu asubuhi haubembelezi mtu.

Hii ina pete mbili shingoni. Hii tatu.
Kibanio cha hii kimekunjwa bati moja na kofia,
cha hii kimechomekwa, kina kijitundu cha kupita sindano.
Zungusha: hii yafuata mkono wa kulia,
hii yaenda kushoto. Kiwanda kilighairi
mwaka mmoja tu, kisha kikajirudi.
Kwa mwaka huo mmoja niliuza baiskeli ya baba.

Mke wangu Asumini huziita misumari.
"Misumari yako ina vumbi," asema, na kupita.

Watu wa karanga ndio walizileta, wale wapimaji
waliokuja Nachingwea na matingatinga na ramani,
wakachora mashamba mpaka ardhi ikawakatalia.
Waliacha vyuma, barabara zilizonyooka mno,
na penseli: kwenye droo, kwenye mifuko ya makarani,
moja niliikuta imeziba tundu la jiko la mafuta.
Kalamu ya risasi, twasema, na ndani hamna risasi,
ni kinywe, kile kile kinachochimbwa leo Ruangwa.
Hucheka peke yangu: walivuka bahari na kinywe mfukoni
wakatembea juu ya kinywe bila kuinama.

Jumanne, Somoe binti Nakuchema aliniletea ya marehemu,
mumewe Chilumba, karani wa mizani ghala la korosho.
Ilikuwa ndani ya soksi ya mtoto.

Pete mbili. Kibanio cha tundu.
Nikazungusha, ikaenda kushoto,
moyo ukaruka kama panzi.
Lakini kiwiliwili si plastiki. Ni mpingo,
umechongwa na kusuguliwa, unene sawa hadi unywele.
Mtu fulani alipewa iliyovunjika, akairudisha nzima.
Daftari langu lina safu ya mwaka, ya pete, ya kibanio, ya hesi.
Halina safu ya mkono wa mtu.
Angeileta mwingine ningesema "imechezewa,"
nikashusha bei.

Nikafungua kofia, mahali pa kifutio.
Kifutio hamna. Kuna karatasi, imesokotwa kama sigara:
*sabini na mbili, andika sitini na nne.*
*Hamsini na tisa, andika hamsini na moja.*
Kando yake majina, herufi ndogo zilizosimama wima,
na la nne ni la baba.

Siku ile alikwenda na gunia kwenye baiskeli,
akarudi akisema korosho za mwaka huu nyepesi.
Alilaumu ubwiri. Alilaumu mvua ya Septemba.
Kisha akaingia shambani na shoka
akaangusha mikorosho miwili, ile ya karibu na kisima,
mama akimtazama.

"Ina thamani?" Somoe akauliza.
Nikasema nitaangalia kwenye kitabu. Sina kitabu.
Pete nakutajia mwaka wake gizani, kwa ukucha tu.
Hili silijui: Chilumba aliandika
ili wasidhulumiane kwenye mgao,
au ili siku moja mtu afungue kofia?
Na Somoe, je, hakuwahi kuifungua?
Alikuwa akikunja soksi, akiilaza, akiikunja tena.

Nilimlipa bei ya iliyo kamili. Hakuhesabu.

Usiku nikapiga mstari, safu mpya daftarini,
nikakosa jina la kuweka juu yake.
Nikasema basi niiandike kwa penseli hiyo hiyo.
Makucha yake yamelegea. Risasi ilitoka nusu,
ikagusa karatasi,
ikarudi ndani.